Nani Aliyeijenga Nyumba ya Little Moreton?

Leo tutasoma nyumba. Msidhani nimekosea nikasahau neno. Nimesema tutasoma nyumba, kwa maana historia haiandikwi katika vitabu peke yake. Mtu ajuaye kutazama aweza kuusoma ukuta, boriti na dirisha, akajua nani alikuwa na mali, nani alifanya kazi, na nani alikosea hesabu.

Nyumba yetu ya leo iko Uingereza, katika jimbo la Cheshire, upande wa kaskazini-magharibi ya nchi ile. Jina lake ni Little Moreton Hall. Kutoka hapo hadi mji wa Congleton ni karibu maili 4 na nusu. Sehemu zake za kwanza zilijengwa kati ya mwaka 1504 na 1508. Ukitaka kuzikumbuka siku hizo, kumbuka kwamba mwaka 1505 ndio mwaka ambao Wareno walizishambulia Kilwa na Mombasa. Basi, wakati moshi wa vita ulipokuwa ukipanda katika pwani yetu, huko Cheshire maseremala walikuwa wakichonga boriti za nyumba hii. Nayo ingali imesimama.

Swali la somo letu ni hili: nani aliyeijenga? Jibu la haraka ni kwamba ilijengwa na Bwana William Moreton. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mwisho wa somo nitakuuliza tena, nawe utajibu mwenyewe.

NYUMBA INAVYOONEKANA

Fikiri kwamba umefika mbele yake. Kwanza unaona handaki la maji lililoizunguka pande zote, upana wake kadiri ya futi 33. Juu ya handaki lipo daraja la mawe. Ukivuka daraja, unapita langoni chini ya ghorofa za upande wa kusini, kisha unatokea katika ua. Vyumba vimeuzunguka ua huo, na mbele yako uko ukumbi mkubwa ambao ndio mzee wa nyumba yote.

Kuta zake zitakushangaza. Mbao nyeusi zimepita huku na huku juu ya weupe, zingine wima, zingine mshazari kama ususi wa mkeka, na zingine zimechongwa kama ua lenye majani manne. Ukitazama tena utaona jambo la pili: karibu hakuna mstari ulionyoka. Sakafu zimebonyea, madirisha yamekaa upande, na ghorofa ya juu yaonekana kama mtu aliyejitwika mzigo mzito kichwani. Mgeni huuliza, “Je, haitaanguka?” Imekaa hivyo kwa karne nyingi. Kwa nini imepinda, na kwa nini haijaanguka? Majibu yote mawili tutayapata katika kazi ya seremala.

MALI ILIYOLIPA KAZI

Lakini kwanza tujue fedha zilitoka wapi. Mwaka 1348 ugonjwa wa tauni uliingia Uingereza, ukaua watu wengi mno, theluthi moja ya watu wote au zaidi. Mashamba yakabaki bila wakulima, na bei ya ardhi ikashuka. Ukoo wa Moreton ulikuwa miongoni mwa walionunua ardhi kwa bei ndogo baada ya msiba ule. Kufika katikati ya karne ya 16 walikuwa na eka 1,360, pamoja na kinu cha kusagia nafaka, mashamba ya matunda, na kiwanda cha kuyeyushia chuma chenye nyundo zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji.

Watu wa namna hii hawakuwa wafalme wala makabaila wa daraja la juu. Walikuwa wenye mashamba waliopata mali, nao walitaka majirani waione mali hiyo. Handaki lile la maji halikuwa la kuzuia jeshi. Nyumba yenye madirisha makubwa namna ile haiwezi kuwa ngome. Handaki lilikuwa la heshima, kama vile mtu avaavyo kanzu nzuri siku isiyo ya sikukuu.

KIUNZI

Sasa tuje kwenye ujenzi. Katika nyumba ya mawe, ukuta ndio ubebao paa. Katika nyumba kama hii, ukuta haubebi kitu. Kibebacho ni kiunzi cha mbao. Mfano wake ni mwili wa mtu: mifupa hubeba, na ngozi hufunika tu.

Mti uliotumika ni mwaloni, mti mgumu ulioota kwa wingi katika sehemu zile. Maseremala wa zamani waliuchonga ungali mbichi, kwa sababu mwaloni ukikauka huwa mgumu mno kwa shoka na patasi. Magogo makubwa yalipasuliwa kwa msumeno mrefu juu ya shimo: mtu mmoja alisimama juu ya gogo, na mwenzake alisimama chini shimoni, akimwagikiwa na unga wa mbao usoni kutwa nzima. Majina ya watu hawa wa shimoni hayakuandikwa popote. Lakini kila boriti ilipita mikononi mwa watu kama wao.

Kiunzi hakikuwekwa juu ya udongo. Kwanza ulijengwa ukuta mfupi wa mawe, na juu yake ukalazwa mti mkubwa ulionyooka. Sababu ni unyevu. Mti ukigusa ardhi yenye maji huoza, na nguzo ikioza chini, nyumba nzima huteremka. Juu ya mti ule uliolazwa zilisimamishwa nguzo. Juu ya nguzo zikalazwa boriti. Juu ya boriti likawekwa paa.

Sasa fanya jaribio dogo. Chukua vijiti vinne vyenye urefu mmoja. Vifunge kwa uzi kwenye ncha zake upate umbo la mraba. Usukume mraba kwa upande. Utaona unalala mara moja. Sasa funga kijiti cha tano kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, halafu sukuma tena. Hautalala. Umbo la pembetatu halibadiliki ila mti ukivunjika au fundo likifunguka. Ndiyo sababu kiunzi cha seremala wa Kiingereza kina mbao nyingi za mshazari. Katika nyumba ya Little Moreton ziko mbao za mshazari za kazi na ziko za pambo tu. Mwenye nyumba alilipia mbao nyingi kuliko zilizohitajika, ili kila apitaye ajue kwamba mbao hazikumpiga chenga.

Mbao hizo ziliunganishwa bila msumari wa chuma. Ncha ya mti mmoja ilichongwa ikawa kama ulimi. Mti wa pili ukatobolewa tundu la kadiri ya ulimi ule. Ulimi uliingizwa tunduni, ikatobolewa njia ya kupita vyote viwili, na ndani yake ukapigwa msumari wa mti mkavu. Fundi mwerevu hakutoboa matundu yakaelekeana sawasawa. Aliyapisha kidogo, ili msumari ukiingia uuvute ulimi na kuukaza. Na kwa kuwa mbao zilikuwa mbichi, zilipokauka zilisinyaa, zikaubana msumari kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kiungo hakikulegea kwa umri.

UDONGO NA FITO

Mapengo kati ya mbao yalizibwaje? Hapa wewe msomaji huhitaji mwalimu. Zilisukwa fito au vipande vyembamba vya mbao kati ya nguzo, halafu ukakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng’ombe, kisha ukapakwa chokaa. Naam, ni kazi ile ile ya nyumba zetu za miti na udongo. Mama au baba aliyewahi kukandika ukuta kijijini angalitazama kazi ya Waingereza wale akawaambia mara moja kama udongo wao umekolea maji mno.

Wako watu wasemao kwamba nyumba ya miti na udongo ni nyumba ya kupita tu. Nyumba hii yatujibu. Udongo haukataliwi na wakati. Hukataliwa na maji. Ukipewa msingi wa mawe chini, paa lenye kutokeza juu, na mtu wa kuziba ufa kila mwaka, waweza kudumu muda mrefu sana. Ukikosa moja katika hayo matatu, hata mwaloni utaoza.

ALAMA ZA MASEREMALA

Sasa sikilizeni jambo litakalowagusa ninyi mnaojifunza kusoma. Kiunzi cha nyumba kama hii hakikuchongwa mahali pa kujengea. Desturi ilikuwa kukichonga katika uwanja wa seremala. Mbao za ukuta mmoja zililazwa chini, zikaunganishwa na kujaribiwa, zikafunguliwa tena, zikapakiwa kwenye magari ya kukokotwa na kupelekwa mahali pa nyumba. Huko ziliunganishwa upya, na ukuta mzima ukainuliwa kwa kamba na nguvu za watu wengi.

Fikiri: mbao mamia, kila ulimi na tundu lake. Kila kiungo kilichongwa kwa mkono, basi ulimi wa hapa haukuingia vizuri katika tundu la pale. Wangejuaje kila mbao inakwenda wapi? Waliziandika. Kwa ncha ya patasi walikata alama juu ya ulimi na alama iyo hiyo kando ya tundu lake: mstari mmoja, miwili, mitatu, msalaba kwa kumi. Walichagua mistari iliyonyooka kwa sababu patasi hukata mstari ulionyooka kwa urahisi. Wengi wa mafundi hao hawakuweza kusoma kitabu, lakini waliweza kusoma nyumba nzima. Alama kama hizo zaonekana mpaka leo katika nyumba nyingi za mbao za Uingereza. Zilikuwa maandishi ya kazi, yaliyofanywa na watu wa kazi kwa ajili ya wenzao.

MADIRISHA YA MWAKA 1559

Katika nyumba ya Little Moreton yako pia maandishi ya namna nyingine. Mwaka 1559, William Moreton wa pili, mrithi wa yule wa kwanza, aliugawa ule ukumbi mkubwa kwa kuweka sakafu ya juu, akaagiza madirisha mawili makubwa yaliyotokeza mbele, yenye kuangalia ua. Yamekaribiana hata paa za madirisha hayo zimegusana. Siku zile kioo kilikuwa kitu cha gharama. Mafundi hawakutengeneza kioo kipana kama cha siku hizi. Waliunga vipande vidogo kwa vipande vyembamba vya risasi. Katika nyumba yote hii viko vipande zaidi ya 30,000.

Juu ya madirisha yale yamechongwa maneno. Maneno ya kwanza yanamtukuza Mungu, halafu yasema kwamba madirisha haya yalifanywa na William Moreton katika mwaka wa Bwana 1559. Ukiyasoma hayo peke yake, umekwisha kupata jibu: mwenye nyumba ndiye aliyefanya. Lakini yapo maneno mengine. Yasema kwamba Richard Dale, seremala, alifanya madirisha haya kwa neema ya Mungu.

Tazameni jambo hili vizuri. Madirisha ni yale yale, na kila mmoja wa watu wawili anatajwa kuwa ndiye aliyeyafanya. Je, mmoja wao ni mwongo? Sivyo. Moreton aliagiza na kulipa. Dale alipima, akakata, akachonga na kusimamisha. Lugha zetu zote zina ugumu huu. Twasema, “Mzee fulani amejenga nyumba,” hali mzee huyo hakushika hata jiwe moja. Ni nadra sana katika nyumba za zamani kuliona jina la fundi likiwa pamoja na jina la bwana wake. Wafanyakazi elfu na elfu wa wakati ule wamepotea. Huyu hakupotea kwa sababu jina lake liliandikwa.

Tena liko jambo moja dogo. Katika maandishi yale, neno la Kiingereza la “seremala” limeandikwa kwa herufi ambazo Mwingereza wa leo angesema si sawa. Wakati ule tahajia ya Kiingereza ilikuwa haijawekwa imara. Kila mtu aliandika kadiri alivyosikia. Hata hivyo twamjua Richard Dale ni nani, na kazi yake ilikuwa nini. Basi wewe uliyeona haya juma lililopita kwa kukosea herufi mbili katika barua yako, usiache kuandika. Sahihisha, lakini andika.

UKUMBI WA JUU

Baada ya madirisha ukajengwa upande wa kusini, kadiri ya mwaka 1560 hadi 1562, katika siku za William wa pili na mwanawe John. Humo ndimo lilimo lango. Kazi ilipokuwa imekwisha kuanza, yaonekana waliongeza jambo ambalo halikuwamo katika mpango wa kwanza: ghorofa ya tatu, yenye ukumbi mmoja mrefu wa futi 68, wenye madirisha pande zote. Kumbi ndefu za namna hii zilikuwa zimependwa na matajiri wa Uingereza. Mvua ikinyesha, watu wa nyumba walitembea humo, na walicheza pia. Nyuma ya mbao za ukutani imeonekana mipira ya tenisi ya mwanzo wa karne ya 17. Bila shaka waliipiga, ikaingia penye mwanya, wakashindwa kuitoa.

Katika ncha mbili za ukumbi huo ziko sanamu za wanawake wawili zilizofanywa kwa lipu. Mmoja ana gurudumu la Bahati, na maandishi yaliyo hapo yasema kwamba gurudumu hilo hutawaliwa na ujinga. Wa pili ni Majaliwa, naye maandishi yake yasema kwamba hutawaliwa na maarifa. Picha hizo zilinakiliwa kutoka kitabu cha elimu ya nyota cha mwaka 1556, kilichoandikwa na Robert Recorde. Huenda jina hilo ni geni kwako, lakini kazi yake unaitumia kila siku ya somo la hesabu. Recorde ndiye aliyetoa, mwaka 1557, ile alama ya mistari miwili sawa iwekwayo kabla ya jibu: =.

Chini ya ukumbi wenye kusifu maarifa, hesabu ya uzito ilikosewa. Paa lake halikuezekwa kwa kitu chepesi. Liliezekwa kwa mabamba mazito ya mawe. Kiunzi cha chini hakikuwa kimepangwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Mwaka kwa mwaka boriti zikapinda, sakafu zikabonyea, kuta zikaenda upande. Huo ndio upotovu unaoonekana kutoka darajani. Baadaye fito za chuma ziliingizwa ili kuushikilia ukumbi ule. Na kwa nini haukuanguka zamani? Kwa sababu kiungo cha ulimi na msumari wa mti huweza kujongea kidogo bila kukatika. Ukuta wa mawe ukisukumwa hupasuka. Kiunzi cha mwaloni hupinda, na kila mti humpa jirani yake sehemu ya mzigo.

VITA NA MADENI

Mwaka 1642 vita vilianza Uingereza kati ya Mfalme Charles wa kwanza na Bunge lake. Ukoo wa Moreton ulikuwa upande wa Mfalme, lakini majirani zao walikuwa upande wa Bunge. Mwaka 1643 nyumba ilitwaliwa, askari wa Bunge wakalazwa humo. Wenyewe waliomba warudishiwe, wakarudishiwa, lakini mali ilikuwa imekwisha. Walijaribu kuuza mashamba yote, wakafaulu kuuza vipande tu. William Moreton wa wakati huo alikufa mwaka 1654, akaacha deni la pauni 3,000 au 4,000, fedha nyingi sana kwa siku zile. Kabla karne haijaisha ukoo ulikuwa umehama, na nyumba ikapangishwa kwa wakulima.

Hapa iko siri ya pili ya nyumba hii. Matajiri wengi wa Uingereza walibomoa nyumba zao za mbao, au walizifunika kwa matofali, kufuata mtindo mpya. Akina Moreton hawakuweza. Hawakuwa na fedha. Umaskini uliizuia nyumba isibomolewe. Lakini umaskini huo huo ungeweza kuiua, kwa maana paa lisilotengenezwa halisubiri. Kufika mwaka 1847 sehemu kubwa ya nyumba ilikuwa tupu, na chumba cha kusalia kilikuwa ghala la makaa ya mawe.

WALIOITUNZA

Wapangaji wa nyumba tangu mwaka 1841 walikuwa ukoo wa wakulima ulioitwa Dale. Ndiyo, jina lile lile la seremala wa mwaka 1559! Lakini tahadhari, ndugu mwanafunzi. Majina kuwa mamoja si ushahidi wa damu moja. Mwana wa historia huliandika jambo kama hilo pembeni, akangoja ushahidi. Lililo hakika ni kwamba Dale hawa walilima hapo zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1892 nyumba ilirithiwa na Bibi Elizabeth Moreton, aliyekuwa mtawa wa Kanisa la Kiingereza. Alikuta karibu gofu. Akaanza kutengeneza, na chumba cha kusalia kikarudishwa kuwa mahali pa sala. Mwaka 1912 aliiacha kwa jamaa yake, Askofu Charles Abraham, kwa sharti kwamba isiuzwe kamwe. Askofu aliwafungulia watu wote. Kiingilio kilikuwa peni 6, na wapangaji wa Dale ndio waliozipokea na kuwatembeza wageni, wakiwaonyesha boriti na madirisha. Mwaka 1938 Askofu na mwanawe waliikabidhi nyumba kwa National Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1895 kwa kuhifadhi mahali penye historia. Familia ya Dale iliendelea kuwa walinzi wa nyumba mpaka mwaka 1955.

Kazi haikwisha hapo. Mwaka 1977 ilionekana kwamba yale mabamba ya mawe juu ya upande wa kusini yamelegea, nayo matengenezo makubwa yakaanza, yakafanywa kwa vipindi sita. Na hapa mafundi wa siku hizi walifanya jambo la busara. Ule weusi wa mbao na weupe wa kuta ambao wageni huupenda sana ni mtindo ulioenea hasa katika karne ya 19. Zamani mwaloni uliachwa na rangi yake, ukageuka kijivu kwa jua na mvua. Basi mafundi walipotia mti mpya mahali pa mti uliooza, hawakuupaka weusi. Waliuacha ulivyo. Mtu akipita ataona wazi: huu ni wa zamani, huu ni wa kiraka. Hawakutaka kumdanganya msomaji wa nyumba.

KUMALIZA

Sasa tulirudie swali letu. Nani aliyeijenga nyumba ya Little Moreton? William Moreton aliiagiza, kwa mali iliyotokana na ardhi ya wafu wa tauni. Wapasua mbao wa shimoni waliipa boriti. Maseremala wasiojulikana waliiandika kwa patasi. Richard Dale aliipa madirisha. Aliyeongeza ukumbi wa juu aliipa uzuri na mgongo uliopinda. Wapangaji waliishi ndani yake ilipokuwa haina mtu wa kuitaka. Mtawa aliinusuru. Mafundi wa juzi walitia viraka. Kama ungemtoa mmoja katika hawa, pengine leo tungesoma habari za rundo la mawe katikati ya handaki.

Nyumba ni kama kiunzi chake: hakuna mti mmoja ubebao wote. Mwenye mali ndiye ambaye jina lake limebaki katika nyumba. Wengine tusipowatafuta katika alama za patasi na katika viraka, hatutawaona. Kazi ya historia ni kuwatafuta.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kiunzi: mbao zilizounganishwa ambazo hubeba nyumba, kama mifupa ibebavyo mwili.
Handaki: shimo refu lililochimbwa kuzunguka mahali, hapa limejaa maji.
Mwaloni: mti mgumu wa nchi za baridi.
Kukandika: kujaza na kupaka udongo juu ya fito.
Patasi: chombo cha seremala cha kuchongea na kutobolea.
Tahajia: namna ya kuandika neno kwa herufi zake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mti wa chini wa kiunzi uliwekwa juu ya mawe?
2. Fanyeni jaribio la vijiti vitano. Ni umbo gani lisilobadilika?
3. William Moreton na Richard Dale wote wawili wanatajwa kuwa walifanya madirisha. Elezeni kila mmoja alifanya nini.
4. Ukumbi wa juu ulileta uharibifu gani, na kwa sababu gani?
5. Umaskini wa ukoo wa Moreton uliisaidiaje nyumba, na uliihatarishaje?

Kazi ya nyumbani: Itafute nyumba ya zamani katika kijiji au mtaa wako. Mwulize mzee ajuaye habari zake: nani aliagiza, nani alikata miti, nani alikandika, nani aliezeka, na nani aliyeitengeneza baadaye. Andika majina yao katika daftari lako, pamoja na mwaka, kama wajulikana. Usiogope makosa ya herufi, mwalimu atakusaidia. Yalete majina hayo katika somo lijalo, tuyasome kwa sauti.

Kwaherini.